Nzi Waliosahau Juu

Nilipozinduka, juu ilikuwa imepotea.

Vitu vingine vyote vilikuwepo. Mikono yangu ilikuwepo, harufu ya chokaa ilikuwepo, kiu ilikuwepo. Kulikuwa na mwanamke kijana aliyeinama usoni pangu akiniita Baba, nami nikamwitikia kwa adabu, kwa kuwa hata asiye mwanao akikuita baba anastahili kuitikiwa. Lakini nilipotaka kuinuka sikujua niinukie upande gani. Nilijaribu ukutani. Nilijaribu kuelekea miguu ya kitanda. Yule binti alinishika mabega akaniambia, "Hapana, Baba, huku," na huku kwake kulikuwa sawa na kule kwangu.

Mtu akipoteza mguu hujua kwamba amepoteza mguu. Nafasi tupu humwambia. Mimi nilipoteza kitu ambacho sikuwahi kukishika. Nani aliwahi kuiona juu? Nani aliigusa akasema hii hapa, ni ngumu au ni laini? Maisha yote mtu huielekea kama mmea unavyoelekea dirishani, na hajui kwamba anaielekea, mpaka siku anapoamka nayo imeondolewa kichwani kama jiwe linavyotolewa ukutani, na ukuta, kwa ajabu, bado umesimama. Nilijiuliza: je, ukuta huo ni mimi? Au mimi nilikuwa lile jiwe?

Mji wetu ulijengwa kwa kupanda. Nyumba zilikaa juu ya nyumba, zote zimeegemea ukuta mmoja laini unaong'aa, ambao hakuna aliyejua unene wake, na katikati ya nyumba zilipita ngazi. Mbingu yetu ilikuwa nyeupe, nzito, imeshindiliwa, haikusogea hata siku moja. Usiku haukuwepo. Kulikuwa na alasiri moja ndefu, na jana iliweza kuja baada ya leo bila mtu kulalamika. Kilichotenga siku na siku ni kishindo. Kishindo kilipokuja, ardhi nzima ilipigwa kutoka chini, mara moja, kavu, kama mtu anavyogonga chupa mezani. Watu walianguka, masufuria yalianguka, kisha kila mtu alisimama akaanza kupanda. Aliyekuwa akinyonyesha alipanda akinyonyesha. Waliokuwa wakigombana walipanda wakigombana. Hakuna aliyesema tupande. Walipochoka walishuka polepole, wakaendelea na shughuli zao, wakingoja kishindo kingine.

Asiyepanda aliitwa mbaki. Wapimaji walikaa kwenye vibaraza vya ngazi, wamevaa makoti ya kijivu, filimbi shingoni, wakitazama nani amebaki. Mara ya kwanza walikusamehe. Ukiendelea kubaki, walikupeleka kwenye Mlango wa Chini. Hawakuwa watu wabaya. Walikuamkia kwanza. Watoto ndio waliouliza kuna nini nyuma ya mlango ule, na watoto waliambiwa wanyamaze, wale chakula chao.

Mimi nilikuwa fundi wa ngazi. Jina langu, kwa jinsi nilivyoambiwa, ni Kasanda. Kishindo kilikuja nikiwa nimejitwika jiwe la kidato, jiwe likaruka, likarudi mahali lilipotoka, na mahali lilipotoka ni kichwani kwangu. Sitaki kulifanya jambo hilo kuwa fumbo. Jiwe halina nia. Ila wakati mwingine nalifikiria: jiwe lililochongwa ili watu wakanyage wapande, ndilo lililonifutia njia.

Yule binti aliitwa Nyamizi. Kila nilipomwona nilimwita Dada, kwa sababu uso wake ulikuwa wa mtu niliyewahi kula naye sahani moja, na sikumjua zaidi ya hapo. Alikuwa mwanafunzi wa Chuo cha Wadudu. Nyumbani hapakuwa na wa kunitazama, hivyo alinichukua, akaniketisha kwenye stuli pembeni mwa meza yake, katika chumba kisicho na dirisha, chenye harufu ya ndizi zilizoiva kupita kiasi.

Mwenzake katika kazi ile aliitwa Tuntufye, kijana mnene, mcheshi, mwenye mikono mikubwa isiyofaa kwa wadudu. Kila aliponiona alichuchumaa mbele ya stuli yangu mpaka kichwa chake kikawa chini ya changu. Ndiyo desturi ya mji ule. Mdogo hamwamkii mkubwa akiwa amesimama pa juu kuliko yeye. Mkikutana kwenye ngazi, mdogo hupita kwanza, hushuka kidato kimoja chini ya mkubwa, hapo ndipo hufungua mdomo. Waziri hufanya hivyo kwa mkulima mzee. Asiyefanya huyo hajalelewa.

"Shikamoo, Mzee Kasanda. Leo umekuja kutusimamia?"

"Marahaba. Nimekuja kutafuta juu."

"Ukiipata unikatie na mimi kipande. Mwalimu amenishusha hadi sina pa kushukia tena."

"Acha kumchosha Baba," Nyamizi alisema. "Lete chupa."

Ndani ya chupa ndogo ya kioo, mdomo umezibwa kwa pamba, walikuwamo nzi wa matunda, wale wadogo wanaozaliwa kwenye ndizi, ambao mtu huwapunga kwa mkono bila kujua kwamba wana vichwa. Nyamizi aliifunga chupa kwenye ncha ya springi ndefu, akaikunja springi, akaiachia. Chupa ikapiga godoro dogo la mpira. Pa. Nzi walirushwa kwenye kioo, wakaanguka chali, miguu ikitikisika. Kichwa cha nzi ni kidogo kuliko punje ya ulezi, na ndani yake, Nyamizi alinieleza, mna ubongo, na ubongo ule ukipigwa hupotewa kama wa mtu. Halafu aliwapima. Aligonga chupa nyingine, ya nzi wazima, mezani. Wote walianguka chini, na papo hapo wakaanza kupanda kioo kuelekea kwenye pamba. Akagonga ile ya waliopigwa. Walianguka. Wakabaki chini. Walizungukazunguka hapo, wakagongana, mmoja akawa anasafisha macho yake kwa miguu ya mbele, polepole, kama mzee anayefuta miwani.

"Tazama, Baba," alisema. "Hao ni wewe."

Nikatazama. Nilitazama kwa karibu mno, na nilipotazama vile, kioo kilikuwa pande zote mbili za uso wangu. Mbele yangu, kubwa kama mlima, ulikuwepo uso wa binti, jicho lake peke yake likitosha kujaza mji, nalo lilikuwa na machozi. Mbingu ilikuwa nyeupe na nzito. Nikasikia sauti kutoka mbali ikisema panda, jamani, panda hata kidogo. Nilitaka kumtii. Yeyote anayelia hivyo kwa ajili yako anastahili kutiiwa. Ila niambie, wewe unayelia, panda ni wapi?

Halafu nilikuwa tena kwenye stuli.

Mimi ni nani nikiwa humo? Nani nikiwa hapa? Anayegonga ni nani? Binti huyu ana huruma, anagonga. Anagonga kwa sababu ana huruma. Na yule anayegonga ardhi yetu, je, naye ana baba aliyeketi kwenye stuli?

Naona hata sasa kwamba swali halikuwa na mlango.

Kazi ya Nyamizi ilikuwa moja: kuonyesha kwamba ubongo uliopigwa unaweza kurudi. Wapimaji walimwambia wazi, akionyesha nzi waliopigwa wakipanda tena, na kisha akamwonyesha mtu mmoja aliyepigwa akipanda tena, wabaki hawatapelekwa Mlango wa Chini kabla ya kutibiwa. Mtu mwenyewe nilikuwa mimi. Nilikuwa nimeshabaki chini kishindo kimoja. Nilisamehewa.

Tiba aliyoibuni ilikuwa pumziko. Nzi waliopigwa hawawezi kuachwa kwenye chupa iliyosimama, kwa sababu chini kuna chakula chao, uji mzito wa mahindi, sukari na hamira, nao wakianguka humo wakiwa wamezimia hunasa wakafa. Kila mwanafunzi wa chuo kile hufundishwa jambo hilo kabla ya kufundishwa lolote: laza chupa. Nyamizi alizilaza. Kisha, kwa sababu chumba kilikuwa na baridi, aliweka taa upande wa pamba, wapate joto. Aliwaacha hivyo muda mrefu kuliko ilivyozoeleka. Na alipozisimamisha chupa mezani, taa ikiwa bado kwenye rafu iliyo juu, karibu na pamba, akagonga, nzi walianguka, wakatulia, halafu mmoja akaanza kupanda. Akafuata wa pili. Wakapanda wote, kwa kusitasita, kama watu wanaorudi kwenye nyumba yao iliyokwisha kuuzwa.

Tuntufye alipiga yowe. Nyamizi hakupiga yowe. Aliweka paji la uso mezani akakaa hivyo, nami, nisiyemjua, niliweka mkono kichwani kwake.

Kuanzia hapo nilitibiwa kama nzi. Nililazwa katika chumba cha giza, taa upande mmoja. Aliichukua taa akasimama nayo, akaniambia njoo, Baba, nami nikaenda. Kwanza sakafuni. Baadaye kwenye kidato. Baadaye kwenye vidato vingi. Miguu yangu ilikuwa miguu ya fundi, haikusahau kidato. Aliposema "Umepanda, Baba! Umepanda!" nilifurahi kwa furaha yake, jinsi mtu anavyofurahi harusini kwa watu asiowajua.

Kisha ilikuja ile alasiri, au ilikuwa imekwisha kuja zamani. Nyamizi na Tuntufye walikuwa wakiandaa chupa za kuwaonyesha Wapimaji. Waya wa taa ulikuwa umelegea. Tuntufye aliishusha taa kutoka rafuni, akaiweka sakafuni kati ya miguu yake, akawa anaukaza waya, na huku akifanya mzaha aligonga chupa mezani kwa kiwiko.

"Amkeni, wavivu. Mnakwenda kupimwa na wakubwa."

Akainamia chupa. 

"Nyamizi."

"Nini tena? Umevunja?"

"Njoo uone. Wanashuka."

Alikuja. Nzi waliopona, wale waliopanda, walikuwa wameng'ang'ania upande wa chini wa chupa, vichwa vimeielekea taa iliyo sakafuni, wakisukumana kwenye uji wao. Tuntufye aliinua taa; wakapanda. Akaishusha, wakashuka. Aliipeleka kushoto, wakaenda kushoto. Alifanya hivyo mara nyingi, kama mtu anayetumaini kwamba mlango uliofungwa utachoka. Kisha akaizima, akafunika chupa kwa kitambaa, akagonga, akangoja, akafunua. Walikuwa chini wote.

"Hawakupona," Nyamizi alisema. "Tulizilaza chupa zao. Chupa iliyolazwa haina juu. Wamejifunza taa tu."

"Sote tunalaza chupa. Mwalimu analaza. Mwalimu wa mwalimu alilaza."

"Na taa niliweka mimi."

"Kwa ajili ya joto, dada. Uliwaonea huruma."

"Ndiyo."

Tuntufye alifuta mikono yake kwenye suruali. "Sikiliza. Mtihani uko kwenye mnara wa ngazi, ndani ni giza. Nani ataweka taa chini? Hakuna. Taa hukaa kwa mwenye mgonjwa, na mwenye mgonjwa husimama juu. Nyamaza tu. Mzee atapanda, watapiga filimbi, yamekwisha."

"Na wabaki wengine watakaoletwa kwangu niwatibu?"

"Hao wana watoto wao. Wewe una huyu."

Walinigeukia. Nilikuwa nimesikia kila neno, na kila neno nililielewa; nilichokosa kuelewa ni kwamba nilikuwa nasemwa mimi. Niliwaonea huruma nzi. Nilisema, "Poleni sana, wanangu, kwa msiba wa wadudu wenu."

Nyamizi alicheka, akaziba mdomo, kicheko kikageuka kikawa kitu kingine. Hakumwambia yeyote habari ya ile taa.

Mtu anayepanda kwa kufuata taa, je, amepanda? Miguu yake iko juu. Wapimaji wanamwona juu. Akianguka ataumia kama aliyepanda. Amekosa nini? Nililala katika chumba changu cha giza nikifikiri hivyo, na mawazo yangu yalizunguka, yakagongana. Niliwafikiria wazima pia, wale wanaosimama baada ya kishindo na kuikimbilia mbingu isiyosogea. Hakuna hata mmoja aliyewahi kufika akarudi na kusema kuna nini. Wana taa gani ndani ya vichwa vyao? Nani aliiweka, na aliiweka kwa ajili ya joto?

Basi tulikwenda mnarani.

Ngazi zile nilizijenga mimi, waliniambia. Zilizunguka ndani ya giza. Nilisimamishwa chini, na Wapimaji wakajipanga ukutani, wengine huku, wengine kule. Mpimaji Mkuu alikuwa mama wa makamo, sauti yake ya upole, filimbi yake ya fedha. Yeye na Nyamizi walitangulia. Kisha mahali fulani katika giza taa iliwaka, na sauti ya binti ikasema, "Njoo, Baba."

Nilikwenda. Sijui kingine cha kusema juu ya kwenda kule. Kidato kilikuja chini ya mguu, na kingine, kila kimoja kikiwa na ukingo uliochongwa kwa mkono wa mtu aliyependa kazi yake, nami nilimsifu mtu huyo moyoni. Nilisikia Wapimaji wakinong'onezana. "Anapanda." "Mbaki anapanda, ndugu yangu." Nilisikia pumzi ya Nyamizi. Nilikuwa karibu sana na taa, niliona vidole vyake vinavyoishika, na pete ya shaba kwenye kimoja, na nilijua nimewahi kuiona pete ile ikiwa mpya.

"Basi, inatosha," alisema Mpimaji Mkuu, na sauti yake ilikuwa imelowa. "Inatosha kabisa. Huyu si mzee Kasanda aliyetujengea? Ngazi zake nimezikanyaga tangu nikiwa msichana. Nipe taa, mwanangu, nishuke nimwamkie."

"Mama, ngoja, taa nibaki nayo mimi."

"Nimwamkie mzee gizani? Au nimwamkie kutoka huku juu, kama mtu asiye na kwao?"

"Mwamkie baadaye, Mama, nakuomba. Tukitoka."

"Haiwezekani. Watanionaje hawa?"

Wapimaji walicheka kwa heshima. Hakukuwa na neno ambalo binti yule angeweza kusema katika mji ule kuzuia mkubwa asiamkiwe. Mpimaji Mkuu aliitwaa taa. Alinipita, akiinua pindo la koti lisinikwaruze, akashuka kidato kimoja chini yangu, akainama.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanangu," nikasema, nikamgeukia. Taa ilikuwa pale. Nikaiendea.

Alidhani nataka kumshika mkono. Alirudi nyuma kidato kimoja akitabasamu. Nikafuata. Alishuka kingine. Nikafuata. Tabasamu lilimkauka, kwa sababu alikuwa mpimaji tangu ujana wake na macho yake hayakuweza kuacha kupima. Aliipeleka taa kushoto kwake. Akaipeleka kulia. Alishuka nayo, kinyumenyume, hadi chini kabisa, nami nikashuka naye, kwa adabu, bila kukosea kidato hata kimoja.

"Oh," alisema. "Oh, mzee wangu."

Hapo kishindo kikaja.

Pa. Tulianguka sote. Taa ilianguka ubavu, haikuzimika. Mpimaji Mkuu alisimama, akaniangalia, nadhani alitaka kuniomba radhi, lakini miguu yake ilikuwa imekwisha kuondoka. Alinipita akipanda, na Wapimaji wote nyuma yake, makoti yao yakisugua ukuta, filimbi zikigongana vifuani. Giza lilijaa vishindo vya viatu. Mimi niliketi kando ya taa.

Halafu nilisikia viatu vinavyokuja upande wa pili. Katika mji ule hakuna aliyewahi kusikia hivyo. Alikuwa Nyamizi. Alishuka ameushika ukuta kwa mikono miwili, kidato kwa kidato, mwili wake wote ukivutwa kurudi alikotoka, shingo imesimama mishipa, kama mtu anayevuka mto unaomkataa. Alifika. Aliketi kando yangu, akashika ukingo wa kidato ili asisimame.

"Umejiumiza, Dada?"

"Hapana, Baba."

"Wenzako wamekwenda."

"Nimewaona."

Nilimtazama kwa mwanga wa taa. Alikuwa kijana mno kuwa mahali pale. "Wewe ni mtoto wa nani?"

"Wa fundi mmoja."

"Fundi wa nini?"

"Wa ngazi."

"Kazi ngumu hiyo. Mpe pole yangu."

"Nitampa."

Waliokuja kutuchukua walikuwa wawili, wenye sauti za kawaida. Walituamkia kwanza, wamechuchumaa. Mmoja alimwambia Nyamizi, "Binti, wewe ni mzima. Ukipanda sasa hakuna atakayesema kitu." Nyamizi aliingiza mkono wake kwenye mkono wangu. Walikuwa wameleta machela, wakaiegemeza ukutani, kwa sababu hapakuwa na haja ya kunibeba. Mmoja aliokota taa, akatangulia nayo, na Mlango wa Chini ukafunguka.

Nilisimama. Nikaifuata. Nyuma ya mlango kulikuwa na ngazi tena, ndefu, sikuzitambua. Hazikuchongwa na mtu aliyependa kazi yake. Taa ilitangulia ikipungua. Mkono wa binti ulikuwa baridi, na ile pete ilikuwa baridi zaidi.

"Tunapanda?" nilimuuliza.

"Ndiyo, Baba," alisema. "Tunapanda."